Leso kwenye Corolla

Jana nilikaa na Corolla moja mpaka adhana ya alfajiri. Ni Levin AE86 ya 1983, ndani ya gemu ya mbio za magari, Gran Turismo 7. Gereji yangu ya gemu ina magari mia mbili na zaidi, Ferrari zimo, Porsche zimo, na mengi sijayaendesha hata mzunguko mmoja. Nilikuwa nayakusanya tu. Hili nilikuwa na hamu nalo tangu utoto.

Nilikulia Majengo, Mombasa, na mjomba wangu kazi yake ilikuwa kutoa magari ya mtumba bandarini, yale yanayoshuka melini kutoka Japani. Kwa hiyo nilipoijua Gran Turismo 4 kwenye PS2 sikuona ugeni. Unaanza na krediti 10,000, unaingia kwenye yadi ya magari yaliyotumika, unachukua lililotembea kilomita nyingi, unalipeleka kuosha, unabadilisha oili na nguvu za injini zinapanda. Mjomba alikuwa akipita nyuma yangu ananiambia, "Mjomba, oili kwanza. Mbio zitakuja."

AE86 yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8. Usiku mmoja umeme ulikatika gemu ikiwa inahifadhi, na gereji nzima ikaenda. Nililia, na mpaka leo nikihifadhi kitu huwa siondoi macho kwenye skrini.

Hii mpya sikuitia tabo. Injini ya lita 1.6 inayosukuma magurudumu ya nyuma, gari lenyewe halifiki tani moja: ukilitia nguvu nyingi unaua kile kinachoifanya AE86 ipendwe. Nilibadilisha matairi na saspensheni, nikalishusha kidogo, basi. Kazi ilikuwa kwenye rangi.

Nilitaka livae leso ya mama, ile aliyoinunua Biashara Street, nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, jina lake "Wema hauozi". Gemu inakubali mchoro wako mwenyewe, lakini lazima uwe faili ya SVG, yaani mchoro wa mistari na maumbo, isiyozidi kilobaiti 15, na pindo la leso limejaa maua na nukta kiasi kwamba mchoro wangu wa kwanza ulikataliwa. Nikapunguza nukta, ukakataliwa tena. Mwishowe nikachora kipande kimoja tu cha pindo, nikakirudia kimoja baada ya kingine kuanzia taa za mbele mpaka za nyuma. Kuvipanga vikutane bila ufa juu ya tairi kulinila saa mbili. Mji wa leso, ile sehemu ya katikati, nikautandaza juu ya boneti. Jina nikaliandika mlangoni, pale magari ya mashindano yanapobandikwa namba.

Mama alipoamka kuswali alisimama akaangalia skrini kitambo.

"Babangu, jina la leso haliwekwi ubavuni."

"Liende wapi, mama?"

"Nyuma. Mtu akijifunga leso, jina husomwa na anayemfuata."

Alipokwenda kutawadha nikalitoa mlangoni, nikalipeleka kwenye buti, juu kidogo ya bamba la namba. Kisha nikaingia uwanja wa mbio wa Tsukuba na magari kumi na moja. Mzunguko wa tatu nilikuwa nimeyapita yote.