Eliya naye alilala kwanza

Jamani hii safari ya wokovu kuna siku inachosha, na sisemi kuchoka kwa kuacha imani hapana, nasema ile unapiga magoti na maneno hayaji, unabaki tu umeshika Biblia. Mwezi uliopita nilikuwa hivyo karibu wiki 3 nzima. Kilichonishika ni 1 Wafalme 19, nabii Eliya katoka kuomba moto ukashuka mlima Karmeli sura ya 18, halafu sura hii inayofuata yuko chini ya mretemu (kijiti cha jangwani) anaomba afe. Na Mungu hamgombezi! Anamwacha alale, malaika anamgusa, pale kichwani kuna mkate uliookwa kwenye makaa na gudulia la maji, anakula, anarudi kulala tena (hapa huwa nasimama kila nikisoma), malaika anakuja mara ya pili anamwambia ale maana safari ni kubwa mno kwake. Ndo anatembea siku 40 mpaka Horebu, mlima wa Mungu, kwa nguvu za chakula kile.

Saa hizi nasoma zile nyimbo za kupanda mlima, Zaburi 120 hadi 134, moja kila usiku. Jana nilifika ya 126, wapandao kwa machozi watavuna kwa furaha, nikalia kidogo, nikalala.