Siku moja maabara ya biolojia: vitunguu, asidi na dakika nane

Wengi wakisikia fundi sanifu wa maabara ya biolojia ya mwaka wa kwanza, picha inayowajia ni mwosha chupa. Chupa tunaosha, sikatai. Ila leo wanafunzi wanatazama seli za mzizi wa kitunguu zikigawanyika, na kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) atakazoziona mwanafunzi saa tano zilianza kuandaliwa siku nne zilizopita.

Saa 1:00 asubuhi. Hadubini 20 kwa wanafunzi 40. Nawasha moja baada ya nyingine, nafuta lenzi za 4x, 10x na 40x (namba ni mara ambazo lenzi inakuza) kwa karatasi yake maalumu (pindo la koti huchuna kioo), nazirudisha zote kwenye 4x. Moja ina ukungu kwenye 40x. Rangi ya wiki iliyopita imekaukia pale.

Saa 1:40. Mizizi. Vitunguu vilikalishwa juu ya midomo ya bika (vikombe vya kioo vya maabara), kitako kikigusa maji kidogo tu, baada ya kukwanguliwa mizizi mikavu ya zamani. Kitunguu kikizama kinaoza. Ukihitaji 8, otesha 12, kwa kuwa vingine hutiwa dawa ya kuzuia kuchipua na havitoi hata uzi mmoja. Jana mizizi ilipofika sentimita 1 hadi 2, ncha zilikatwa na kutumbukizwa kwenye ethanoli sehemu tatu kwa asidi asetiki kali sehemu moja. Mchanganyiko huo huziua seli papo hapo, na iliyokuwa ikigawanyika inabaki vilevile, katikati ya safari.

Saa 2:15. Asidi hidrokloriki ya mola 1 (mola ni kipimo cha ukolezi: mole ngapi kwa lita), mililita 250. Ndani ya kabati la kufyonza mvuke natanguliza maji mililita 200, namimina asidi kali ya asilimia 37 mililita 21 taratibu, kisha najazia maji hadi alama. Ukianza na asidi ukaimwagia maji, inachemka na kukurukia usoni. Asetoorseini, rangi inayofanya kromosomu zionekane, nayo lazima ichujwe asubuhi hiihii. Ikikaa, hutoa vichembe vyeusi, na kila mwaka kuna anayevichora akaviita kromosomu.

Saa 4:00. Wanaingia. Hapa ndipo siku inapoliwa.

Kazi ya kwanza ni kulainisha mizizi kwenye kichupa cha asidi kilichowekwa ndani ya beseni la maji ya moto, nyuzijoto 60, dakika nane. Asidi huyeyusha gundi inayoshikanisha seli. Ukiitoa mapema, seli zinabaki tonge moja. Ukiichelewesha, ncha inasambaratika kwenye kichupa na rangi haishiki vizuri. Kosa kubwa lipo kwenye saa. Kipimajoto kinasoma joto la maji ya beseni, wakati asidi ndani ya kichupa bado ni ya baridi. Kwa hiyo asidi ipashwe kwanza, mzizi uingie baadaye, ndipo saa ianze. Nimeyaandika ubaoni kwa herufi kubwa. Meza mbili hazikusoma.

Kisha mzizi unasuuzwa, unalazwa kwenye slaidi, na inakatwa milimita 1 hadi 2 ya ncha. Ncha ipi? Huo mzizi sasa ni laini kama uji na pande zote mbili zinafanana kwa asiyejua. Upande wa ncha umechongoka na ni mweupe mzito; ule mwingine umekatwa bapa. Waliokosea wanajulikana mara moja kwenye 10x: seli ndefu kama matofali yaliyosimamishwa, na hakuna hata moja inayogawanyika. Seli za ncha ni za mraba, na kiini kimejaa karibu seli nzima.

Tone la rangi, dakika kadhaa za kusubiri, kifuniko cha kioo, kugonga kidogo kwa kitako cha penseli, halafu kukandamiza kwa dole gumba juu ya karatasi ya chujio. Wima. Ukisokota kidole, seli zinajiviringisha kama uzi na kazi yote imekwisha.

"Fundi, yetu haina seli." Naenda. Wametoka 4x wakaruka hadi 40x, wakazungusha skrubu kubwa ya kulenga, na sasa kifuniko kimepasuka na lenzi inaelea kwenye rangi. Nafuta, nawapa ncha nyingine, tunaanza upya. Dakika kumi baadaye hao hao wamenichorea kiini kizuri sana, duara kamili lenye ukingo mweusi mnene. Ni kiputo cha hewa. Meza ya jirani wao wamechora herufi X nne safi kama za kitabuni, ilhali kitunguu kina kromosomu 16 na kwenye slaidi zinaonekana kama vijiti vilivyorundikana. Chora unachokiona!

Lakini meza ya dirishani wamepata. Anafasi safi, hatua ya kugawanyika ambapo mafungu mawili ya kromosomu yamevutwa kila moja upande wake, na kimya kimewashika. Kisha wanahesabu: seli 200, zinazogawanyika 18, faharasa ya mitosisi (sehemu ya seli zinazogawanyika) asilimia 9. Asubuhi yote ni kwa ajili ya hiyo.

Mchana ni kundi la osmosisi (maji kupita kwenye utando wa seli), vipande vya viazi na myeyusho wa sukrosi, yaani sukari ya kawaida. Kosa ni lilelile la kila muhula: kupima sukrosi gramu 342 (mole moja) na kuitia ndani ya lita nzima ya maji. Ujazo unapita lita, na mola 1 siyo mola 1 tena. Yeyusha kwanza, ndipo ujazie hadi lita.

Jioni sijui ni saa ngapi, miguu ndiyo inayojua. Vioo vilivyovunjika kwenye kopo la vitu vikali, rangi iliyotumika kwenye chupa ya taka na siyo kwenye sinki, hadubini zote 4x, jukwaa chini, taa zimezimwa. Slaidi 31 zimerudi kati ya 40. Vitunguu vya Alhamisi vimekunywa maji hadi vitako vinaning'inia hewani. Najazia, nazima taa.