Ukuta Kwanza, Mchoro Baadaye

Anayeanza kupiga picha za michoro ya mitaani hapa Mombasa huvutwa na mchoro wenyewe: sura ya mwanamuziki, nembo ya timu ya mpira kwenye maskani, jahazi lenye tanga kwenye ukuta wa chekechea. Anapiga, anafurahi, anaenda zake. Siku hizi mimi huanza na ukuta. Ukuta ndio unaosema kama mchoro utakuwepo mwakani au utakuwa umebambuka kabla masika hayajaisha, na hilo ndilo linaloamua kipi kipigwe leo na kipi kinaweza kungoja.

Baiskeli inafaa kazi hii kuliko chombo kingine chochote. Kisiwa si kikubwa. Kutoka Fort Jesus hadi Makupa hazifiki kilomita 5. Lakini ukienda kwa miguu vichochoro vinakumalizia asubuhi nzima, na ukiwa ndani ya tuktuk ukuta unapita kabla jicho halijatulia. Juu ya baiskeli unaona, unashuka, unaegesha kando ya baraza, na hakuna anayekupigia honi.

Kuta zenyewe naziona za namna tatu. Mji wa Kale umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe hilo lina vitundu, linanyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi yake. Maji yakikauka, chumvi inabaki karibu na uso wa ukuta na kufanya fuwele. Ukuta ukiwa umepakwa chokaa tu, unyevu unapata njia ya kutoka. Ukipakwa rangi ya plastiki, au vibaya zaidi rangi ya mafuta, unyevu unakwama ndani: yanatokea malengelenge, kisha ganda zima linabanduka na kuondoka na unga wa plasta mgongoni. Huanzia chini, mara nyingi ndani ya mita ya kwanza kutoka ardhini, kwa hiyo mtu aliyechorwa hapo hupoteza miguu kabla ya kichwa. Ukiona mstari mweupe wa chumvi umefika magotini, usiseme utarudi wiki ijayo.

Ukitoka huko kwenda Majengo, Tudor au ng'ambo ya Daraja la Nyali, nyumba nyingi ni za bloku za saruji na plasta. Hapa adui ni haraka. Plasta mpya ni kali kama magadi, inataka kama wiki nne ipungue ukali na kukauka. Mchoraji akisukumwa amalize kabla ya sherehe ya ufunguzi na akatumia rangi ya mafuta, ule ukali unaigeuza rangi kuwa kitu cha kunata chenye mabaka, na haichukui muda kuanguka. Lakini plasta iliyokomaa, ikapigwa rangi ya kwanza ya kushikia kisha rangi ya maji tabaka mbili, inakaa miaka.

La tatu ni mabati, na hapa nakiri upendeleo: vibanda vya vinyozi na vya chipsi ndivyo vyenye mkono mzuri kuliko kuta zote kubwa za miradi. Angalia kichwa kilichochorwa kwenye mlango wa kinyozi kwa karibu, pua iwe shubiri moja kutoka kwenye bati. Ngozi ina rangi tatu tu: kahawia ya katikati, nyeusi iliyochanganywa na nyekundu kidogo kwa kivuli cha shavu, na manjano iliyokolezwa nyeupe kwa paji la uso. Mstari wa nywele umevutwa kwa brashi nyembamba mara moja, bila kurudiwa. Ukirudiwa unanenepa na sura inaharibika. Chini kulia kuna jina la mchoraji na namba ya simu, maana mchoro huo pia ni tangazo lake yeye. Bati likiwa jipya na halikusuguliwa wala kupigwa rangi ya kushikia, rangi inachanika vipande vipande, na kutu huanzia kwenye matundu ya misumari. Ila mara nyingi hata halifiki huko. Kibanda kinaweza kuhamishwa usiku mmoja, au biashara ikabadilika na kichwa cha kinyozi kikafunikwa na orodha ya bei za M-Pesa.

Rangi zenyewe hazizeeki sawa. Nyekundu na manjano za bei nafuu hupauka mbele ya jua. Buluu na nyeusi hukaa. Sura za zamani huonekana kama zimeingia ubuluu, na wengi hudhani mchoraji alitaka hivyo. Wekundu wa udongo haupauki haraka, kwa hiyo ukikuta nyekundu iliyokomaa kwenye ukuta wa zamani, yaelekea ni ya jamii hiyo.

Halafu kuna kifo kisichotokana na chumvi wala jua. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya Mji wa Kale na ya katikati ya jiji yapakwe rangi nyeupe na urembo wa buluu. Mji uling'aa, sikatai. Lakini kilichokuwa kimechorwa kwenye kuta hizo kikalala chini ya weupe. Hakikufutika chote. Maandishi mengi ya madukani yalikuwa ya rangi ya mafuta, na rangi ya maji ikipakwa juu ya mafuta bila kupigwa msasa kwanza haishiki sawasawa. Misimu ikipita, nyeupe inabanduka pale pale penye herufi, ukaona nusu ya neno linarudi. Kuzipiga picha herufi hizo kunataka mwanga wa ubavuni: jua liwe karibu sambamba na ukuta, ambapo ukingo wa kila herufi unatupa kivuli chake. Ni dakika chache kwa siku. Ukikosa, rudi wakati wa magharibi na tochi, iegemeze ukutani mwanga ukitambaa juu yake, halafu piga huku mwenzako ameishika.

Jua la hapa linataka kujuliwa. Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri linapita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba liko upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki liko kusini. Njia nyepesi ya kukumbuka ni kwamba jua huwa upande ambao upepo hautoki: kusi likivuma jua liko kaskazini, kaskazi ikivuma jua liko kusini. Hapo ndipo utaelewa kwa nini kuta zinazotazama kusini zina kuvu jeusi. Masika zinapigwa na mvua inayoletwa na kusi, na miezi hiyo hiyo jua la mchana haliziangalii kabisa. Kuta hizo zipige Desemba au Januari, zikiwa zimekauka na zina mwanga.

Barabara zinazokwenda takriban kaskazini na kusini, mfano Digo Road, ni rahisi: ukuta ulio upande wa magharibi wa barabara asubuhi, ulio upande wa mashariki alasiri. Kwenye vichochoro vya Mji wa Kale usihangaike. Nyumba zimesogeleana, na mpaka saa nne mwanga ni kivuli laini kisicho na mistari mikali. Saa sita jua linapenya kama utepe katikati ya mchoro, nusu imeungua nusu imezama. Nenda ukanywe maji ya madafu. Ukuta mweupe huidanganya kamera ikapiga picha yenye giza, basi gusa sehemu ya mchoro yenye rangi ya wastani, shikilia kidole mpaka mwanga ufungwe, kisha pandisha mwangaza +0.3 hadi +0.7. Piga na picha moja yenye karatasi nyeupe mbele ya ukuta. Mwanga wa kichochoro hubeba rangi ya nyumba ya mbele, na bila karatasi hiyo hutajua manjano ni ya mchoraji au ni ya jirani.

Tatizo kubwa la vichochoro ni kwamba huwezi kurudi nyuma. Wengi hukimbilia lenzi pana ya simu, na hapo sura iliyo pembeni inavutika kama mpira. Tumia lenzi kuu, hiyo ya 1x. Simu ikiwa imelazwa, kwa kawaida inaona upana wa takriban mara 1.3 ya umbali wako na ukuta. Ukiwa mita 2.5 kutoka ukutani unapata kama mita 3.3. Mchoro wa mita 6 hautaingia. Basi upige vipande vipande, na hapa baiskeli inageuka chombo cha kupimia. Gurudumu la inchi 26 lenye tairi ya 1.95 likizunguka mara moja linakwenda kidogo zaidi ya mita 2. Weka valvu ya tairi ya mbele iwe chini kabisa, piga picha, sukuma baiskeli sambamba na ukuta mpaka valvu irudi chini, piga tena. Vituo vitatu vinamaliza mita 6, na kila picha inaipanda mwenzake kwa zaidi ya theluthi, kiasi ambacho programu ya kuunganisha inahitaji. Baiskeli ya Black Mamba yenye gurudumu la inchi 28 inakwenda karibu mita 2.2, bado inafaa. Usisimame mahali pamoja ukageuza simu; sogea wewe, na simu ielekee ukuta moja kwa moja, gridi ikiwa imewashwa na mistari yake ifuate ukingo wa mlango. Vitu vilivyochomoza, mabomba, nguzo za baraza, vitajirudia kwenye picha iliyounganishwa. Hilo halina dawa. Panga kiungo kiangukie mahali penye ukuta mtupu.

Rangi ya mafuta inang'aa, na mng'ao huo hauondoki kwa kubonyeza kitu chochote. Ngoja kivuli.

Baiskeli yenyewe haihitaji makuu. Tairi ya 1.95 ijazwe kama PSI 40 kwa mtu wa kilo 70; ikijaa mno mikono inakufa ganzi kwenye kabro na tairi inateleza mvua ikinyesha. Pancha nyingi upande wa Makupa na Changamwe ni nyaya nyembamba za chuma kutoka tairi za malori zilizopasuka, na nyaya hizo hukaa ndani ya tairi. Pitisha kitambaa, si kidole, ndani ya tairi yote kabla ya kurudisha tyubu, la sivyo utaziba tundu na kulitoboa tena hatua mia mbele. Tyubu isuguliwe kwa msasa mpaka mng'ao utoke, solusheni ipakwe nyembamba na iachwe mpaka isinate sana kidoleni, ndipo kiraka kibandikwe na kukandamizwa kwa nguvu. Anayebandika solusheni ikiwa mbichi atasukuma baiskeli hadi nyumbani. Hewa ya chumvi inakula mnyororo na nyaya za breki: futa kwa kitambaa kikavu kila urudipo, tia tone moja la mafuta kwa kila kiungo, kisha futa ya ziada. Simu ikae mfukoni au kwenye begi, si kwenye usukani. Mtetemo wa muda mrefu unaweza kudhuru kifaa kinachotuliza lenzi.

Kuhusu watu. Ukuta una mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe amekaa barazani anakutazama tangu ulipoegesha. Shuka kwenye baiskeli kwanza. Kusalimia ukiwa umekalia tandiko ni ukosefu wa adabu hata kama hakuna atakayekuambia. "Shikamoo mama. Mchoro huu umenipendeza, naomba kuupiga picha. Wewe na watoto sitawapiga." Jibu huwa "Marahaba mwanangu, piga," na baada ya hapo unaelezwa nani alichora, lini, na nani hakumlipa. Hayo yaandike pale pale. Ijumaa, kati ya saa sita na saa nane, waachie wenye sala vichochoro vya karibu na misikiti. Feri ya Likoni, bandari, Ikulu ya Kizingo, na ukuta wowote wa polisi au wa jeshi, kamera ibaki begini hata mchoro ukiwa mzuri kiasi gani.

Picha moja ya mchoro haitoshi. Piga ya pili kutoka mbali, inayoonyesha jengo na duka la jirani, kwa sababu katikati ya kuta ndefu ramani ya simu inaweza kukosea kichochoro kizima. Ya tatu iwe ya saini. Ya nne iwe ya mita ya kwanza kutoka chini, pale penye chumvi. Faili ipewe tarehe, mtaa na upande ukuta unaotazama, mfano 20250118_bondeni_mashariki_2, na kwenye maelezo uandike aina ya ukuta na aina ya rangi. Ukimtumia mchoraji kwa WhatsApp, itume kama hati. Ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa na taarifa za saa na mahali zinaondolewa. Kuta za matumbawe zirudiwe kila masika yakiisha, ukisimama palepale, umbali uleule. Za saruji mara moja kwa mwaka zinatosha. Vibanda vya mabati, kila unapopita njia hiyo.