Kengele iliyozibwa kitambaa

Jumapili usiku, Ng'ong'ona

Nimerudi kutoka Manyoni, vumbi bado limejaa kwenye viatu. Mjomba alinipokea na swali lake la siku zote: "Hivi mjomba, huko chuoni mnasoma nini hasa?"

Safari hii sikukimbilia kusema "biolojia". Nikamwambia nasoma vimelea vya nagana, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na ndorobo (mbung'o). Akaacha kupiga mswaki. Mwaka jana alipoteza ndama wawili, na sindano walichomwa.

Nikamwonyesha maksai wake wa kengele. "Ukitaka kujua kazi ya ile kengele, utafanyaje?"

"Naiziba kitambaa, naangalia kundi linafanya nini."

Basi, hapo kanimalizia nusu ya mhadhara. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha kwamba RNA (molekuli inayobeba ujumbe wa jeni) ikiwa ya nyuzi mbili, ukiiingiza kwenye mnyoo mdogo, huinyamazisha jeni inayofanana nayo. Nobel wakaipata 2006. Jeni haing'olewi. Ujumbe wake ndio unaokatwakatwa kabla haujazaa protini, kwa hiyo kengele ipo, ila mlio umefifia.

Kwa ujanja huo hutengenezwa kinachoitwa "maktaba", nayo ni hivi: vimelea tele kwenye chupa moja, kila kimoja kimezibwa kengele yake, mpaka jeni karibu zote ziguswe. Unamwaga dawa. Vingi vinakufa. Vichache vilivyopona unavisoma kujua kila kimoja kilizibwa wapi. Kwa njia hiyo, 2012, watafiti wa malale, ugonjwa wa binadamu unaoletwa na ndorobo hao hao, waliona kwamba jeni iitwayo AQP2 ikinyamazishwa, dawa za pentamidini na melasoproli zinapoteza makali. Protini yake ni mlango wa dawa kuingilia. Mimi hilo bado linanishangaza: kimelea kinapona kwa kupungukiwa.

Mjomba akakaa kimya, kisha: "Na kama kengele ziko mbili? Ukiziba moja, ng'ombe si watafuata nyingine? Utasema ya kwanza haina kazi."

Swali hilohilo lilinitoa jasho kwenye semina mwezi uliopita, nikajibu kwa kuzungukazunguka. Kwa mjomba sikuthubutu kuzunguka. Nikakiri kwamba maktaba inaweza kupitwa na jeni kama hizo, maana inaziba moja moja.

Alfajiri akaiziba kweli, kwa kipande cha kaniki. Kundi likaenda lamboni kama kawaida, nyuma ya ng'ombe jike mmoja mzee, mbavu nje, asiye na kengele kabisa. Mjomba akanitazama, akacheka mpaka akakohoa.