Unauza Nini?

Agosti 2011 nilikuwa na miezi mitatu tangu nimalize chuo, kazi sina, na mali yangu yote ilikuwa baiskeli, Phoenix nyeusi aliyoniachia babu: nzito, karia ya chuma nyuma, kengele isiyolia. Jumamosi moja, saa kumi na mbili asubuhi, nikaitoa uani bila kumuaga mtu. Nilitaka kushuka tambarare mpaka kwenye miwa ya TPC, kiwanda cha sukari, nikate mashariki hadi Kahe, kisha nirudi Moshi kabla ya giza. Basi. Hakuna nilichofuata huko. Nadhani ndiyo maana sikuaga. Kwetu baiskeli ni ya majani ya ng'ombe na mikungu ya ndizi, na mtu mzima anayezunguka nayo siku nzima bure watu watamuulizia nyumbani kwao kama yuko salama.

Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa wazi, nyeupe juu, nikaipa mgongo. Kutoka mjini kwenda Mabogini karibu hukanyagi, unateleza tu na upepo masikioni. Nilijua jioni nitaulipia mteremko ule, lakini asubuhi nani anawaza jioni?

Mabogini mama mmoja akanisimamisha kwa mkono.

"Leo una perege?"

Wauza samaki hupanda huku na baiskeli kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, tenga limefungwa kwenye karia. Nikamwambia sina.

"Sasa waenda wapi?"

"Natembea tu, mama."

Akaitazama karia tupu, akanitazama mimi. "Haya, Mungu akusaidie baba," akasema, kwa sauti ya kumpa mtu pole ya msiba.

Kwenye miwa hakuna cha kusimulia sana. Barabara zimenyooka kama zimepigwa rula, kijani kulia, kijani kushoto, na juu vipande vya masizi vikielea kutoka shamba lililochomwa ili livunwe. Shati langu lilikuwa jeupe. Kwenye kizuizi mlinzi akaniuliza namfuata nani. Wakati huo nilikuwa nimeshapata akili: "Naenda kumwona mjomba Kahe." Sina mjomba Kahe. Kizuizi kikainuka.

Kufika saa sita chupa yangu ya lita moja na nusu ilikuwa tupu, na joto la tambarare si la mjini. Linatoka juu na linatoka chini. Chekereni ndiyo iliyoniokoa kwa kivuli na maji. Pale ndipo penye majaruba ya mpunga ya mradi uliojengwa kwa msaada wa Wajapani miaka ya 1980, mifereji ya zege inapita kila upande, na siku ile watoto walikuwa wakigonga makopo na kurusha makombeo kufukuza kwelea kwelea. Nikanawa uso. Nilipopanda tena, tairi la nyuma likawa limelala chini.

Fundi alikuwa chini ya mwarobaini, hatua mia moja tu, kama aliyekuwa akinisubiri. Akautoa mpira, akaujaza upepo, akauzamisha kwenye karai la maji mpaka viputo vikaonyesha tundu. Msasa, gundi, akaipuliza, kisha kiraka alichokikata kwenye mpira mkuukuu. Hayo fundi yeyote anayajua. Lakini kabla ya kurudisha mpira alipitisha kidole polepole ndani ya tairi, mzunguko mzima, macho kayafumba. Akatoa mwiba wa mgunga. Akaendelea. Akatoa wa pili.

"Wengi wanaziba tundu, mwiba wanauacha," alisema. Kisha akagusa spoku zangu. "Hii haijawahi kubeba mzigo. Unauza nini wewe?"

Nikamlipa shilingi mia tano, swali nikamwachia.

Baada ya hapo nilipotea. Kila mfereji ulinipeleka kwenye mfereji mwingine, na nilipotokea kwenye reli huko Kahe ilikuwa inakaribia saa kumi. Nyasi zilikuwa zimemea katikati ya mataruma. Bibi mmoja alikuwa amekaa nje akipepeta mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Unauza nini?"

Nilichoka kudanganya. Nikamwambia ukweli: siuzi, sinunui, nimetoka Moshi na narudi Moshi. Hakucheka. Akauliza mimi ni wa wapi, nikasema Kibosho.

"Basi mchele wangu utafika," akanitania, "ila utakatwa ushuru."

Ndani alikuwa na kiroba cha kilo 25 cha binti yake, muuza nafaka soko la Mbuyuni, Moshi mjini. Zamani, aliniambia, angekipakia kwenye treni tu, lakini treni ya abiria ilikwisha miaka ya tisini na mabasi yanataka nauli ya mzigo. (Treni ilirudi Moshi Desemba 2019. Nilimkumbuka siku ile.) Akakifunga mwenyewe kwa mipira ya tyubu, akavuta mpaka karia ikalia, akampigia binti simu, akaninywesha maji na kunionyesha njia: fuata reli.

Reli hiyo Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911, na waliichagulia mwinuko mpole. Kwa treni. Kwa kilo 25 na miguu iliyokwisha, mpole huo sikuuona. Nilikanyaga, nikashuka nikasukuma, nikakanyaga. Lakini kila niliyepishana naye kwenye kijia kile alinisalimia na kupita. "Pole na kazi." "Asante." Hakuna aliyeniuliza kitu. Jua lilipoanza kuzama Kibo ikajitokeza tena juu ya mawingu, safari hii iko mbele yangu, na sikusimama kuitazama kwa sababu ningesimama nisingeondoka.

Mbuyuni nilifika saa moja na nusu, vibanda vinafungwa. Binti wa bibi alikipokea kiroba, akakiweka kwenye mizani kwanza, akasoma, ndipo akasema karibu. Akanipa shilingi elfu mbili. Nilizipokea.

Nyumbani mama alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Akatazama masizi shatini na vumbi mpaka magotini.

"Siku nzima ulikuwa wapi?"

"Nilipeleka mchele Mbuyuni."

"Haya," akasema, "nawa mikono, chakula kimepoa."