Namna ninavyokagua njia ya hewa kabla ya nusukaputi

Kazi yangu ni kuwalaza wagonjwa kwa dawa ya nusukaputi katika hospitali moja hapa Nairobi. Mimi ni afisa wa kliniki niliyesomea fani hiyo, ingawa wagonjwa wengi huniita daktari nami nimeacha kuwasahihisha. Mgonjwa akishalala na misuli yake ikalegezwa, hapumui tena mwenyewe. Mimi ndiye ninayempumulia, kwanza kwa barakoa, kisha kwa mpira unaopitishwa kinywani hadi ndani ya bomba la pumzi. Ndiyo maana jioni ya kuamkia upasuaji hupita wodini kukagua kinywa, taya na shingo.

Vipimo vyenyewe havina gharama. Mgonjwa huketi wima, hufungua kinywa na kutoa ulimi bila kutoa sauti, nami hutazama kama kaakaa laini na kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, vinaonekana. Hicho ni kipimo cha Mallampati, kilichochapishwa mwaka 1985 kikiwa na madaraja matatu, na la nne likaongezwa mwaka 1987. Huangalia pia kama vidole vyake vitatu vinaingia baina ya meno, kama anaweza kuinua uso akatazama dari, kama meno ya chini yanaufikia mdomo wa juu, na kama nafasi kati ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti shingoni, na ncha ya kidevu ni chini ya sentimita 6. Mzingo wa shingo huupima kwa tepu ya fundi wa nguo, na ukizidi sentimita 40 huandika kwenye fomu.

Vipimo hivi, hata hivyo, hutabiri kidogo kuliko tulivyofundishwa kutarajia. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walichapisha uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 188,000, wakaonyesha kwamba asilimia 93 ya waliokuwa vigumu kuwekewa mpira hawakuwa wametabiriwa, na kwamba kati ya wale waliotabiriwa, ni robo tu waliokuwa vigumu kweli. Mwenzangu mmoja huzitumia takwimu hizo kudai kwamba ukaguzi ni kupoteza muda. Mimi nimezisoma kwa namna nyingine: zimenifanya nibadilishe swali. Siulizi tena kama mpira utaingia tu. Nauliza, ukikataa kuingia, mgonjwa huyu atapata oksijeni kwa njia gani? Barakoa itakaa vizuri usoni? Kifaa kinachokaa juu ya zoloto kitapita kinywani? Na kama yote yakishindikana, ninaweza kupapasa shingo nikajua mahali pa kukata?

Mgonjwa aliyeonyesha vizuri thamani ya swali hilo alikuwa mzee mmoja mkazi wa Eastleigh, mnene kiasi, mwenye ndevu nyingi, aliyekuja kutolewa kibofu cha nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo. Kinywa chake kilifunguka vizuri na shingo ilipinda bila taabu. Kipimo cha kuuma mdomo wa juu hakikunifaa, kwa kuwa mzee hakuwa na meno ya mbele. Kwa vidole na tepu peke yake, ningemwona mtu wa kawaida mwenye shingo nene kidogo.

Nilipomuuliza kama hukoroma, alikana kwa heshima kabisa. Mkewe, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda, akacheka. "Daktari, huyu usiku hukata pumzi kabisa, mpaka nimsukume ndipo avute tena." Tangu siku hiyo, swali la kukoroma namwelekezea anayelala karibu na mgonjwa. Kisha nikauliza habari za upasuaji wa zamani, kwa maneno ambayo mtu yeyote anaweza kuyajibu: uliamka koo likikuuma kwa siku nyingi? Kuna jino lililovunjika? Kuna mtu aliyekwambia jambo lolote baadaye? Hapo mzee akakumbuka kwamba miaka mingi nyuma, alipotolewa kidole tumbo katika hospitali nyingine, aliambiwa kwamba "koo lake ni gumu". Hakupewa karatasi yoyote. Kwangu, sentensi hiyo moja ilikuwa na uzito kuliko vipimo vyote nilivyokuwa nimeandika.

Kuziba kwa pumzi usingizini, ndevu, unene, umri na kukosa meno, vyote huashiria kwamba barakoa itavuja au hewa itakwama. Kama kinywa chake kisingefunguka, ningependekeza tumwekee mpira akiwa macho, koo likiwa limetiwa ganzi. Kwa kuwa kilifunguka, niliamua kumlaza, ila kwa maandalizi. Niliomba awe wa kwanza kwenye orodha ya asubuhi, kabla laringoskopu ya video, kifaa chenye kamera cha kutazamia koo, ambayo tulikuwa nayo moja tu, haijachukuliwa na chumba kingine. Kunyoa ndevu sikumwomba, kwani alizifuga kwa ajili ya dini. Nilizifunika kwa plasta pana ya plastiki iliyotobolewa puani na mdomoni, nayo barakoa ikashika.

Tulimwinua kwa mablanketi yaliyokunjwa hadi tundu la sikio likawa sawa na kishimo cha juu ya kifua, tukampa oksijeni safi kwa dakika tatu kamili, na kabla ya dawa kuingia nikaitaja mipango yangu kwa sauti ili sista na daktari wa upasuaji wajue kitakachofuata. Kumpumulia kulihitaji mikono yangu miwili kwenye barakoa, mwenzangu akikamua mfuko. Kwenye kioo cha video niliziona nyuzi za sauti kwa sehemu ya nyuma tu. Nikapitisha kijiti kirefu cha kuongozea, mpira ukafuata juu yake, na mawimbi ya kaboni dioksidi inayotoka mapafuni yakathibitisha kwamba upo mahali pake. Mwishoni nilimtoa mpira akiwa ameamka vizuri na ameketi nusu.

Kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani nilimwandikia barua, nakala moja yake na nyingine ya faili, inayoeleza kwamba barakoa ilihitaji watu wawili, nilichokiona kooni, kifaa kilichofaulu na ukubwa wa mpira. Nakala yake nilimkabidhi mkewe.