Shingo ilivyoniachia

Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, na oda zote zinaingia kwa simu. Shingo ikakaza kama kamba ya nanga; mteja akiniita kwa nyuma, nageuka mwili mzima. Dawa ya kuchua? Wapi! Mtaalamu wa viungo akanieleza: kichwa kina kama kilo 5, ukikiinamisha nyuzi 60 shingo inabeba kama kilo 27. Kumbe nabeba gunia huku nimekaa!

Sasa simu naiegemeza juu ya kreti mbili za soda, usawa wa macho. Majibu marefu natuma kwa sauti. Kila nusu saa narudisha kidevu nyuma, nahesabu hadi tano, mara kumi. Majirani wanacheka, wacheke tu. Wiki ya tatu honi ya kivuko ililia, nikageuza kichwa peke yake.